Nilimwambia Mwalimu roketi ya mwezini itaruka bila shaka

Niaje wakuu.

Naanza na kosa lenyewe ili nisipate nafasi ya kulipamba. Mwalimu wangu wa zamani aliniuliza, "Kuna uwezekano hiyo roketi isiruke?" Nikamjibu, "Hapana, Mwalimu."

Nilijua uwezekano upo, tena mkubwa.

Mengine yote yalitoka hapo. Sitaongeza chumvi, na mahali nilipokuwa mjinga nitasema nilikuwa mjinga.

Mimi ni fundi wa TV na redio hapa Bondeni, Nakuru. Sikusomea. Nilimaliza form four nikajifunza kwa video za internet na kwa kuharibu vitu vya watu. Nina ugonjwa wa kutaka kila kitu kiwe sawa kabisa. Mteja anaweza kukaa wiki mbili bila TV kwa sababu ya laini moja nyembamba kwenye kioo ambayo ni mimi tu ninaiona.

Nyumbani ni Keringet, kule juu kwenye viazi na baridi. Mwalimu alinifundisha huko darasa la sita. Ndiye aliyenipa redio ya kwanza kufungua. Nikaifungua, nikashindwa kuirudisha, akasema, "Sasa umejua ndani kuna nini. Kesho utajua inarudi aje."

Yeye alikuwa kijana wakati watu walitembea mwezini mara ya kwanza. Alisikia kwa redio ya jirani. Alipomwambia baba yake, mzee alitoka nje, akaangalia juu kwa muda mrefu, akasema, "Sioni mtu." Alitusimulia hiyo stori karibu kila muhula.

Kusikia, alisikia. Kuona, hakuwahi.

Miaka michache iliyopita ikatangazwa kuna roketi mpya ya kwenda mwezini, inafanyiwa test bila watu ndani. Mnakumbuka kelele za mitandaoni. Nusu ya watu wanahesabu siku, nusu wanasema ni uongo mtupu.

Wakati huo Mwalimu alikuwa na presha ya macho. Jicho la kushoto lilikuwa limeshaenda. La kulia, daktari alimwambia limebaki na muda kidogo, hawezi kusema ni muda gani.

Akanipigia simu. "Nataka kuiona ikienda," akasema. "Si picha ya gazeti. Ikienda."

Ndipo akaniuliza lile swali, na mimi nikamjibu vile nilimjibu.

Kwa nini? Wakuu, mimi kusema "sijui" ni kama kukubali nimefanya kazi mbaya. Nilikuwa nimesoma mambo ya hiyo roketi miezi. Nilikuwa na daftari limejaa. Mtu mwenye daftari limejaa anasemaje hajui?

Jumapili Mwalimu akasimama wakati wa matangazo kanisani. Akawaalika watu Jumatatu mchana kwenye ukumbi wa kanisa, waje waone roketi ya mwezini ikiruka. Kwetu kitu kikishatangazwa kanisani si habari tena. Ni ahadi.

Mimi nilipanda na projekta, shuka jeupe nililopiga pasi mara mbili, jenereta ya kuazima, na simu tatu za laini tofauti ili bando ikikataa moja nyingine ishike. Nilikuwa na backup ya kila kitu isipokuwa ya roketi yenyewe.

Watu walikuja. Ulikuwa msimu wa kuchimba viazi, kwa hivyo walikuja na gambuti zikiwa na udongo. Mwalimu alikaa mbele kabisa, kiti kimekaribia kugusa shuka, kwa sababu pale ndipo jicho lake lilikuwa linafika.

Kando yake alikaa Mzee Koech. Hawa wawili ni rika moja, na wamebishana kuhusu mwezi tangu wawe vijana.

"Mwalimu, nieleze," Koech akasema, kwa sauti ya ukumbi mzima. "Kama walienda zamani, wakati hata sisi hatukuwa na viatu, mbona sasa ndio wanajaribu?"

"Wewe ulilima na ng'ombe zamani," Mwalimu akamjibu. "Leo nikikupa ng'ombe na jembe, utaanza bila kujaribu?"

Watu wakacheka. Mwalimu alikuwa na furaha siku hiyo. Hicho ndicho kinaniuma zaidi.

Saa ya kuhesabu kurudi nyuma ikafika dakika arobaini. Ikasimama.

Tukangoja. Dakika kumi. Ishirini.

"Saa yao imeisha betri?" Koech akauliza.

Nilikuwa naelewa Kiingereza cha wale watangazaji. Injini moja ilikuwa haipoi vizuri. Nilijua tayari imeisha, lakini nilikaa nyuma ya projekta nikijifanya nasawazisha picha ambayo ilikuwa sawa. Mwishowe mtangazaji akasema leo hairuki. Ikabidi nitafsiri.

Mama mmoja akasimama akasema viazi vyake viko kwenye jua. Wengine wakamfuata. Koech alipofika mlangoni akageuka. "Mwalimu, hata kuku wangu anaruka kuliko hiyo kitu."

Tulipobaki wawili Mwalimu aliniuliza, bila hasira, "Ulijua inaweza kukataa?"

"Nilijua."

"Basi ungesema tu. Ningetangaza kwamba tunaenda kuona watu wakijaribu. Hawa ni wakulima. Kujaribu wanakujua."

Wakuu, mtu mwenye akili angejifunza pale pale. Mimi nilijifunza kitu kingine. Nilijifunza kunyamaza.

Waliporudia mara ya pili, sikumwambia mtu. Mafuta yakavuja, ikaahirishwa tena, na nikajipongeza. Nikajiambia, unaona, ungeaibika mara mbili. Mwalimu alikuwa anapiga simu kila Jumapili baada ya ibada. "Kijana yangu, sasa ni lini?" Kila Jumapili nilimjibu, "Nitakuambia nikiwa na uhakika."

Uhakika wa roketi ya majaribio. Kwa mtu ambaye jicho lake linahesabu siku.

Miezi ikapita. Ikaruka asubuhi moja, karibu saa nne. Mimi nilikuwa kwenye kibanda changu hapa Bondeni, peke yangu, TV ya mteja iko wazi mezani, naangalia kwa simu. Ilipoinuka niliangusha bisibisi. Nilitazama mpaka ikawa nukta.

Kisha nikakumbuka sikuwa nimempigia.

Nilimpigia saa hiyo hiyo. Hakunilaumu. Aliuliza tu, "Kuna mahali imehifadhiwa?" Nikamwambia ndiyo, video iko, nitamletea. Akasema sawa, lakini nisichelewe nayo.

Hapa ndipo kuna kosa la pili, na hili sijawahi kulisema popote.

Ningepanda Jumamosi ya wiki ile ile na simu yangu, nikamwekea video ilivyo. Lakini nilifikiria vile nilimwaibisha mara ya kwanza, nikataka safari hii iwe safi. Nikaanza kuihariri. Nikaongeza maelezo ya Kiswahili kwa sauti yangu. Sauti haikunipendeza, nikarudia. Kuna mahali nilisikia mlio wa pikipiki nyuma, nikarudia. Nikaweka mishale kuonyesha injini. Rangi ya mishale haikukaa vizuri.

Wiki tatu.

Nilipofika Keringet, binti yake alinipokea mlangoni akaniambia polepole, "Ingia, lakini ujue tangu wiki jana haoni. Anaona kama ukungu tu."

Wiki jana, wakuu.

Mwalimu alikuwa amekaa sebuleni, na Mzee Koech yuko naye. Siku hizo Koech alikuwa anakuja kila mchana kumsindikiza nje. Nilianza kuomba msamaha, Mwalimu akanikatiza. "Weka. Ile ya zamani nilisikia kwa redio, hii pia nitasikia."

Nikaunganisha laptop na TV yake. Sauti yangu ikaanza, ile niliyorudia mara kumi na kitu, inaeleza uzito na mafuta na hatua ya kwanza.

Alisikiliza nusu dakika. "Zima hiyo sauti," akasema. "Inasoma. Koech, wewe niambie unaona nini."

Koech akasogea mbele. Mara ya kwanza alikuwa anatania. "Naona mnara. Umesimama tu kama ile siku." Halafu moto ukawaka, akaacha kutania.

"Eh. Imetoka, Mwalimu. Inainuka. Moshi ni mwingi, kama wa kuchoma shamba la watu mia. Chini ni mweupe. Moto ni mrefu kuliko chombo yenyewe. Inaenda, inaenda. Haitingishiki. Sasa iko kama kijiti cha kiberiti. Sasa ni kama nyota."

"Na sasa?"

"Sasa sioni kitu."

Mwalimu akacheka. "Hivyo ndivyo baba yangu alisema."

Koech akaniambia nirudishe mwanzo. Alimsimulia tena. Mara ya pili aliona vitu ambavyo hata mimi, na daftari langu, sikuwa nimeviona: vipande vya barafu vikianguka ubavuni, na ndege mmoja akikimbia moshi.

Nilitoka nje nikasimama karibu na tangi la maji mpaka nikaweza kurudi.

Somo langu ni fupi. Nilidhani nangoja uhakika kwa heshima ya Mwalimu. Nilikuwa nangoja ili mimi nisiaibike. Gharama akalipa yeye.

Kama kuna mtu hapa ana kitu amekishikilia mpaka kikamilike, na mwingine anakingoja, aandike hapa chini ni nini. Na kama mnaona najilaumu kupita kiasi, semeni pia, nitasoma zote.

Mwalimu yuko, anaendelea vizuri, lakini haoni. Koech bado anasema zile za zamani zilikuwa uongo. Anakubali hii moja tu, kwa sababu aliisimulia mwenyewe.

Kwa upande wangu, mteja akiniuliza kama TV yake itapona, namwambia sijui, nitajaribu. Ikiwaka anaenda nayo siku hiyo, hata kama laini bado iko kwenye kioo. Na iliposemekana safari nyingine ya mwezini inapangwa, nilimpigia Mwalimu kabla sijamaliza kusoma habari. Nilimwambia inaweza isiruke.