Ruhusa ya Shangazi Mbeyu

Shangazi yangu Mbeyu hakuwahi kuingia kwa mtu bila kubisha hodi, na tabia hiyo ndiyo iliyomponza. Nasema kwa hasira kwa sababu bado ninayo.

Alitoka Mkongani mwaka 1984 na mumewe, Kalama, wakakuta pori nyuma ya Msambweni. Wakaambiwa lina mwenyewe, Bwana Gerishom, afisa kutoka bara aliyefanya kazi Kwale. Shangazi alimfuata ofisini, akamwamkia, akamwomba mahali pa kulima.

"Limeni tu, mama," akasema yule bwana, akarudi kwenye mafaili yake. Hakuja kutazama hata siku moja. Shangazi akapanda mikorosho na minazi, akajenga, na Kalama alipofariki akamzika papo hapo.

Mwaka huohuo mtu mmoja, Kavumbi, alifyeka upande wa pili wa pori lilelile akajimegea shamba. Hakumwomba yeyote. Shangazi alimwita mkosa adabu, na akamwambia usoni.

Mwaka 1998, Bwana Gerishom akiwa ameshakufa, mwanawe Cliff alikuja na hatimiliki, akawapa wote wawili mwezi mmoja wahame. Mimi nilikuwa mhudumu wa hoteli Diani, msomi wa ukoo kwa kukosekana mwingine, basi nikawapeleka Mombasa kwa wakili, Bi Gillian. Alituombea amri ya kumzuia Cliff asibomoe kitu hadi kesi iishe. Akatueleza kwamba aliyekaa kwenye ardhi ya mwenzake miaka kumi na miwili, waziwazi, bila kuondolewa na bila ruhusa ya mwenyewe, anaweza kuiomba mahakama imwandikie iwe yake.

"Mama aliruhusiwa na mtu?" akauliza.

"La, aliingia tu," nikawahi kujibu mimi. Uongo huo ni wangu.

Siku ya ushahidi, wakili wa Cliff alimuuliza shangazi aliingiaje shambani.

"Nilimwendea mwenyewe nikamwomba, akanipa. Mimi si mwizi."

Bi Gillian aliinamisha kichwa.

Nje nilimfokea. "Shangazi, neno moja tu! Ungesema uliingia tu!"

"Mwanangu, nimeapa kwa Mungu. Na hata nisingeapa, niseme nilimwingilia mtu shambani kama mbuzi?"

Hukumu ilikuja mwaka uliofuata. Aliyekaa kwa ruhusa ni mgeni, hata akikaa miaka mia. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Shangazi alilishika jembe miaka kumi na mitano, na bado akaambiwa mgeni. Kavumbi, aliyeingia bila kuuliza, akapata shamba lake.

Siku ya kuhama shangazi hakulia mpaka tulipolipita kaburi la Kalama. Hapo alikaa chini. Kavumbi akatukuta hapo. Kesi ile aliisikiliza kuanzia mwanzo hadi mwisho.

"Mama Mbeyu, usirudi Mkongani kwenye ukame. Njoo ujenge kwangu," alisema. Kisha akanitazama mimi, akaongeza polepole, "Nakupa ruhusa, na huyu mwanao ni shahidi."

Shangazi alimshika mikono yote miwili. "Ahsante, baba. Mwenyezi Mungu akuzidishie."

Nilitaka kumnyamazisha, lakini alikuwa ameshaanza kumuuliza Kavumbi jiko alijenge upande gani.