Mashati ya Bwana Forodha

Shangazi hakuwa shangazi wa mtu yeyote kwenye lile jengo, ila watoto wa kaka yake, nao walishakua wakahamia mbali. Lakini jina lilimganda, na kila aliyekutana naye kwenye ngazi alimwita hivyo. Alikuja kukaa pale kaka alipofiwa na mke, amsaidie kulea mpaka mambo yatulie. Mambo hayakutulia. Watoto walipoondoka, alibaki na kaka na mashati ya kaka.

Kaka mtu alikuwa karani wa forodha. Alistaafu zamani, lakini hata akienda kununua gazeti alivaa shati jeupe lenye kola ngumu kama kadibodi. Majirani walimwita Bwana Forodha, naye akadhani ni heshima. Shangazi alijua wanamcheka, na hakuona haja ya kumwambia. Kwake kaka alikuwa debe tupu, na debe haliachi kuvuma kwa kuambiwa kwamba ni tupu.

Kuyafua mashati si kitu. Kuyaanika ndiko kulikomtoa roho. Nje ya dirisha la jikoni palikuwa na vipande vya bomba vilivyojengewa ukutani. Nguo unazitundika kwenye mti mrefu wa kuanikia, unautoa dirishani, kisha unalenga ncha yake iingie kwenye bomba, nusu ya mwili wako ikiwa nje na maji yakikuchuruzikia kwapani. Bega la Shangazi lilikuwa limeanza kulia kama bawaba kavu. Ghorofa ya chini yake, mjane wa dereva alizidiwa na mti wa namna hiyohiyo, akavunjika mkono. Hapo ndipo ofisi inayosimamia jengo ilipozinduka, ikaahidi kila nyumba yenye mzee itafungiwa fremu nyepesi: unaishusha kwa kamba mpaka kifuani, unaanika, unaivuta inapanda.

Mafundi walipobisha hodi, Shangazi alikuwa bafuni, povu mpaka viwikoni. Kaka ndiye aliyefungua. Fundi mkuu alieleza kwa adabu kwamba wamekuja kuwafungia wazee vianikio vipya.

"Mmepotea njia," kaka akasema. "Hapa hakuna mzee."

Mlango ukafungwa.

Shangazi akabaki ameshika shati lililokuwa likichuruzika. Sauti ile aliijua. Ndiyo iliyomrudisha fundi viatu aliyekuja na mjomba wake kumposa, wakati watoto wangali wadogo. Siku ile kaka alisema hapa hakuna anayetafuta mume, na Shangazi mwenyewe alikuwa jikoni anasikia, akanyamaza. Tangu hapo alimdharau kaka yake, ila dharau hiyo aliikunja akaiweka kama nguo nzuri isiyo na pa kuvaliwa.

Akasuuza mashati, akayakamua, akabeba beseni mpaka sebuleni na kulitua juu ya gazeti la kaka.

"Nini hiki?"

"Nguo zako, kaka. Kama nyumba haina mzee, basi aanike kijana."

Kaka alicheka. Shangazi akaketi na kikombe chake cha chai, asiinuke tena. Kesho yake kulikuwa na mkutano wa wastaafu, na kaka hakuwa mtu wa kwenda kwa wenzake na fulana. Mwishowe akaburuta beseni jikoni.

Hakujua hata ncha ipi huanza. Aliyatundika mashati yote kwenye mti mmoja, kwa kuwa kwenda mara mbili aliona ni kazi ya wanawake, akausukuma nje. Shangazi alimtazama kama mtu anavyomtazama jogoo anayejifunza kuogelea. Mti ukainama, ukamponyoka, ukaenda na mzigo wake mpaka juu ya bati la banda la baiskeli. Bahati hakuwapo mtu chini. Mashati yakalala pale yametandaza mikono kama walevi.

"Bwana Forodha," sauti ikauliza kutoka dirisha la jirani, "mzigo huo umekaguliwa?"

Kaka alisimama dirishani, viganja vimejaa kutu ya bomba alilojishikiza. Kisogo chake kilikuwa chembamba, na Shangazi akahisi kitu kinachokaribia huruma. Kisha kaka akageuka.

"Mti wako huu una kasoro," akasema.

Huruma ikaenda zake.

Shangazi akashuka ngazi. Hakufuata mashati, aliwafuata mafundi, waliokuwa bado wanatoboa kuta za chini, akawaambia yule mzee waliyeambiwa hayupo ni yeye, na bega lake ni hili. Walipanda alasiri. Kaka akawasimamia mikono nyuma, akiwaelekeza pa kutoboa walipokwisha toboa. Jioni alimweleza jirani kwamba aliyakagua mabomba mwenyewe, akagundua kutu, akaamuru yabadilishwe. Jirani akamtazama Shangazi. Shangazi akatazama dari.

Kuanzia hapo kila mtu alianika zake. Za kaka zilikauka zimejikunja, naye akatangaza kwamba hivyo ndivyo kitambaa kizuri kinavyotakiwa kukaa. Shangazi hakubishana. Alasiri alishuka kwa mjane wa dereva, ambaye mkono wake ulikuwa bado umefungwa, akamwanikia shuka zake kwenye fremu mpya, taratibu, wakipiga soga. Hiyo nayo ilikuwa kazi ileile ya maji na nguo. Ila kule aliombwa, na alipomaliza aliambiwa ahsante.