Sinema ya Mfaransa na Mbuzi Asiyeliwa

Mpaka leo kuna watu wakipita kwa bucha yangu pale Kangemi wanauliza kama nimepata sinema mpya, na mimi najifanya nanoa kisu, kwa hivyo afadhali niwaambie mwenyewe, maana huko Uthiru wanasema ati nilizimia, na mimi sikuzimia, aliyezimia ni mgeni.

Wekesa alitaka kumuoa binti yangu Wanjiru, na wazazi wake wakatoka Bungoma kuja kwangu kuongea mahari. Nikaona watakaa bure wakingoja mbuzi aive, na mimi nina televisheni kubwa kama mlango (nimeinunua bila cheti chochote cha shule), basi nikashuka mjini kutafuta DVD ya heshima. Mama wa duka akanitolea ya Wafaransa. Nikajua Mfaransa ni mtu wa divai na kubusu mikono, kuna ubaya gani.

"Mzee, ziko mbili," akasema. "Hii Wamarekani waliikata ndio waionyeshe kwao. Hii ingine ni nzima."

Miaka yote nauza nyama kwa mizani ya haki, leo niuziwe kitu kimepunguzwa? Nikachukua nzima, na sikuuliza walikata nini, kwa sababu kuuliza ni kazi ya waliosoma.

Wageni wakaketi, nikawatangazia kwamba hii hata Amerika hawakuiona yote. Mwanzo mzuri, shamba, maua, msichana anaimba. Halafu akaingia jamaa na shoka.

"Baba, zima," Wanjiru akaninong'oneza.

Nizime, na nimejisifu hivyo? Nikasema ngojeni, itageuka. Ikageuka kweli: jamaa akaanza kumkata mwenye shamba kiungo kwa kiungo (kazi safi, ukiniuliza), na hapo hapo ndugu yangu mdogo akaingia na sinia ya mbuzi.

Mama Wekesa akaangalia televisheni, akaangalia sinia, akaanguka.

Kwetu mbuzi asipoliwa na pande zote mbili, hakuna kitu kimeongewa. Hakuna aliyegusa hata mfupa. Baba Wekesa akavaa kofia, akasema kwa upole, "Baba Wanjiru, tutarudi. Lakini si hapa."

Wakarudi, lakini kule Waithaka, kwa huyo ndugu yangu mdogo. Yeye ndiye aliyekata mbuzi wa binti yangu, na anakata vibaya, mimi nimeketi karibu na mlango kama jirani, natumwa chumvi. Siku hizi wageni wangu wanaangalia ukuta. Ni ukuta mzuri, niliujenga mwenyewe.