Siku Nilipolinywesha Gari Mnazi

Ipo siku moja ninayoikumbuka kwa pua kuliko kwa macho, mwanangu. Hata leo, miaka ishirini na ushee baadaye, nikipita mahali penye pombe ya mnazi iliyochachia juani, moyo hunirudisha kwenye kilima kimoja baina ya Mavueni na Kaloleni. Hujiona mbele ya boneti iliyo wazi, nimeshika dumu kama mwizi aliyefumaniwa.

Nilikuwa na miaka ishirini na saba, mwalimu wa sekondari mjini Malindi, na nilikuwa na vitu viwili vya kujivunia: shahada ya falsafa na gari. Shahada ilikuwa mpya. Gari lilikuwa la mkono wa tatu, labda wa nne. Aliyeniuzia alikuwa na pupa ya kuliondoa, nami nilikuwa na pupa ya kulimiliki, na pupa mbili zikikutana hakuna anayefungua boneti. Nililiosha kila jioni. Laiti ningelitazama ndani walau mara moja kwa kila mara kumi nilizoliosha nje, leo nisingekuwa na kisa cha kukusimulia.

Mjomba wangu Kazungu, kaka yake mama, ndiye aliyenilea baada ya baba kufariki. Alikuwa mkulima wa mihogo na minazi, mtu wa ugoro na maneno machache, na gari lile hakulipenda tangu siku ya kwanza. Alinikuta mtaani Kisumu Ndogo, pale pale Malindi, nilikokuwa nimepanga chumba, nikijaza rejeta kwa maji ya kisima cha pale uani. Maji yenyewe yalikuwa ya chumvi.

"Maji hayo hata chai inayakataa," alisema. "Wewe walinywesha gari?"

"Gari halina ulimi, Mjomba."

"Ulimi halina," akasema, akifunika kopo lake la ugoro. "Tumbo je?"

Nilimwona mshamba. Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Miguu yangu ni mizima hadi leo, mwanangu. Kilichovunjika utakisikia.

Wakati huo nilikuwa nimempenda Sidi, mwalimu mwenzangu, binti wa Rabai, na wazee wake walikuwa wamekubali kupokea posa. Kwetu sisi Wamijikenda posa haiendi mikono mitupu. Mshenga hubeba mnazi, dumu lililojaa hadi shingoni, na wazee wa msichana hulitazama dumu kabla ya kumtazama mtu. Likiwa pungufu, maana yake limeonjwa njiani. Na anayeonja cha watu njiani, akipewa binti atamtunzaje? Tena kwa desturi mposaji hubaki nyumbani akingoja habari. Mjomba alitaka apande basi yeye na dumu lake, yaishe. Mimi nikang'ang'ania kumpeleka kama dereva. Nilisema naonea huruma magoti yake. Uongo mtupu. Nilitaka babake Sidi asikie mlango wa gari ukifungwa uani kwake.

Tukatoka Malindi asubuhi, dumu limekaa kiti cha nyuma kama bibi harusi. Gede tukaipita salama. Tulipovuka daraja la Kilifi na kuingia Mnarani, mshale wa joto ukaanza kupanda. Niliuona. Mjomba naye aliniona nikiuona.

"Mshale ule wataka nini huko juu?"

"Ni jua tu, Mjomba."

"Jua liko nje," alisema.

Nikaongeza sauti ya redio. Ndiyo tiba pekee niliyoijua: injini ikigonga, ongeza redio.

Tulipoiacha Mavueni na kushika kilima, sauti ya injini ikawa ya mchi kwenye kinu, na redio haikuweza tena kuifunika. Mvuke ukatoka mbele, kioo kikawa cheupe, gari likasimama lenyewe. Mjomba alishuka taratibu, akaangalia huku na huku.

"Usiguse kitu," aliniambia. "Iache injini ipumue. Naona nyumba pale juu, naenda kuomba maji."

Akapanda kile kilima kwa magoti yale yale niliyodai kuyaonea huruma.

Nikabaki peke yangu na elimu yangu. Tulikuwa tumeahidi kufika kabla ya jua la utosini, nalo lilikuwa linakaribia. Niliona wazee wa Sidi wamekaa wakitazama njia. Niliona posa yangu ikiozea kwenye majani ya kando ya barabara. Nikalitazama jua, nikalitazama dumu, na falsafa ikaniambia hivi: rejeta yataka kitu cha majimaji, mnazi ni kitu cha majimaji, basi. Usicheke, mwanangu. Watu wamefanya mabaya zaidi kwa hoja dhaifu kuliko hiyo.

Nikavua shati, nikazungushia mkono, nikafungua kifuniko. Mvuke uliniunguza hadi karibu na kiwiko, na kovu ninalo. Hata hivyo sikukoma. Nikamimina. Injini ikalia ka! kama nazi inayopasuliwa jiweni, na harufu ya mnazi uliochemka ikajaa bonde zima. Ungedhani nimejifunza. Nikaingia ndani nikawasha. Mara ya kwanza ikakohoa. Mara ya pili ikakohoa. Mara ya tatu chuma kiligonga chuma, kisha kimya, na ufunguo ukawa kama unazungushwa kwenye jiwe.

Mjomba alirudi na ndoo ya maji kichwani. Alisimama hatua chache kutoka garini, akanusa. Kisha akaliona dumu. Lilikuwa limebaki nusu.

"Mwalimu," aliniambia, na hilo ndilo jina aliloniita kila nilipofanya ujinga, "umekuja kuposa msichana au kuposa gari?"

Nikalifunika dumu.

"Maana mnazi umeshautoa hapa."

Akaitua ndoo. Nilidhani ataimwagia injini, au atanimwagia mimi kwa hasira. Akasema, "Lete mkono." Akayamimina maji yale polepole juu ya ngozi iliyoungua, kiganja baada ya kiganja, kama alivyokuwa akinifanyia nilipoanguka nikiwa mdogo. Gari halikupata hata tone. Hapo ndipo nilipoanza kuelewa tulichokuwa tumebeba siku ile, na hakikuwa kwenye kiti cha nyuma.

"Mshale niliuona mapema," akasema huku akimimina. "Nikanyamaza, nikasema nisimwaibishe kijana. Kosa ni letu wawili. Lakini tukifika, dumu hili utalieleza wewe."

Nikapata wazo jingine, maana siku ya ujinga haina wazo moja. "Mjomba, maji yamebaki kwenye ndoo. Tukiongeza kidogo, dumu litajaa."

Hakuwahi kunipiga maishani. Siku hiyo nadhani alikaribia.

"Injini umeiua kwa maji mabaya," alisema. "Wataka kuua na nyumba kabla hujaijenga?"

Gari tukalikabidhi kwa wenye ile ndoo. Lori la mawe ya kujengea likatubeba, tumekaa juu ya mawe, na tuliposhuka Rabai tulikuwa weupe kwa vumbi kama waliotoka kusaga unga. Jua la utosini lilishapita zamani. Babake Sidi, Mzee Mkala, alitupokea kwa heshima, tukaamkiana, kisha akalinyanyua dumu kwa mkono mmoja. Mkono mmoja, mwanangu. Dumu lililojaa halinyanyuliwi hivyo.

"Kazungu," alisema, "njia ilikuwa na kiu?"

"Njia haikuwa na kiu," Mjomba akajibu. "Mwenye kiu ni huyu dereva. Atasema mwenyewe."

Nikasimama mbele ya wazee, mahali ambapo kwa desturi sikupaswa hata kuwapo. Mdomo ulitaka kusema dumu lilimwagika. Neno lile lilikuwa tamu, fupi, na hakuna ambaye angelipinga isipokuwa Mjomba, naye alikuwa akitazama chini. Mficha uchi hazai. Nikasema yote: maji ya chumvi, mshale, redio, mnazi. Nikasema hata lile la kutaka kuongeza maji.

Kisha bibi yake Sidi, ajuza aliyekuwa mkekani akichambua mboga, akainua kichwa.

"Na gari," aliuliza, "lililewa?"

Wazee wakacheka hadi mmoja akashikwa na kikohozi. Mzee Mkala peke yake hakucheka. Alilirudisha dumu miguuni mwa Mjomba.

"Mnazi pungufu siupokei. Rudini nao."

Mzee akaendelea, "Lakini mkija tena, huyu dereva aje. Kila siku naletewa sifa za vijana wasio na kosa hata moja. Sijui makosa yao huyaficha wapi."

Tulirudi baada ya wiki mbili kwa basi, dumu limejaa, nimelipakata njia nzima, na likapokelewa. Sidi, anayesoma haya juu ya bega langu, anasema nimeficha kwamba siku ile ya kwanza nilipotoka nje nililia nyuma ya banda la mbuzi. Haya. Nililia.

Gari lilivutwa kwa kamba hadi Kilifi. Fundi alipolifungua alinionyesha chumvi nyeupe iliyoganda kwenye njia za maji, kichwa cha injini kimepasuka, pistoni imekwama. Akasema tunaweza kutengeneza, au kutafuta injini nyingine iliyotumika, au kuachana nalo. Nikaanza kumweleza jinsi bodi lilivyo zuri. Mjomba akanikatiza kwa swali moja tu: "Ungelikuta leo sokoni hivi lilivyo, ungelinunua?"

Nililiuza kama chuma chakavu. Mjomba aliomba kiti cha nyuma tu. Alikiweka barazani kwake na kukikalia hadi alipofariki, na kila mgeni aliyeuliza alijibiwa, "Hiki ndicho kipande pekee kilichoibeba posa." Sasa kipo kwangu. Nimekikalia ninapoandika haya, na kuna springi moja hunichoma kila ninapoanza kujisifu.

Basi, mwanangu, wewe uliyenunua gari lililotumika, au utakayelinunua, maana wengi wetu mapya tunayaona barabarani tu, nisikilize. Kabla ya kutoa fedha zako, mpe fundi asiyejuana na muuzaji alitazame. Ulinyweshe maji matamu. Mshale ukipanda, simama, hata kama unangojwa na wakwe. Zima, kaa kivulini, usifungue kifuniko kikiwa moto, usimimine kitu, usijaribu kuwasha tena ili uone. Injini nyingi hazifi kwa hitilafu. Huuawa na kile tunachofanya katika dakika kumi baada ya hitilafu, kwa sababu ya aibu. Ikiwa imekwisha kufa, usikubali ifunguliwe na fundi wa kwanza aliyetokea. Pata maneno ya wawili, kisha jiulize swali la Mjomba. Gari ulilolipenda jana si lazima ulitibu leo. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi.

Na wale wanaokungoja mwisho wa safari, waambie kweli. Dumu pungufu hujazwa wiki nyingine. Lililojazwa maji hunyweka siku ile, kisha linakuwa chungu maisha.

Mungu akujalie barabara njema na maji baridi, mwanangu. Akupe macho ya kuuona mshale na moyo wa kusimama. Na siku chuma kitakapokuangusha, maana kitakuangusha, akukutanishe na mtu atakayeibeba ndoo kichwani kupanda na kushuka kilima, kisha kwa maji yale akuoshe wewe kwanza.