Wakinichukua

Sihaba binti Muhidini wa Mchukwi akishashika jambo haachii, na wanaomjua wameshachoka kumwambia apumzike. Alisoma sosholojia chuo kikuu, akarudi nyumbani na shahada yake, akawa anawafundisha watoto wa jirani tuisheni barazani huku akiomba kazi. Huku walimnyima, kule hawakumjibu. Yeye akaomba tena.

Safari hii taasisi moja ya Dar es Salaam ilitangaza nafasi za mafunzo ya utafiti kuhusu vijana na migogoro ya silaha. Mwombaji aeleze kwa nini anaitaka kazi hiyo. Sihaba akaandika ukosefu wa ajira, akaandika malezi, alipoyasoma akayaona yamepoa kama uji wa jana. Sababu yake ilikuwa moja tu: kaka yake Abdulatifu, aliyetolewa nyumbani alfajiri moja, miaka ile ya mauaji ya mara kwa mara huko kwao, na watu ambao hakuna aliyewatambua. Mpaka leo hajarudi. Lakini jina la Abdulatifu halikuwa la Sihaba peke yake, na kuliandika bila ruhusa ya mama yake, Bi Mwanawetu, asingeweza.

Akamfuata shambani alikokuwa akipalilia mihogo. Akamweleza yote, tena kwa furaha, kisha akamalizia: "Wakinichukua, mama, naanza mwezi ujao."

Jembe likasimama. Kila anayeomba kazi husema hivyo, wamemchukua, hawakumchukua. Lakini katika nyumba ile neno hilo lilikuwa na mwenyewe. Abdulatifu hakusemwa kafa wala kapotea. Alichukuliwa. Mama akasema hapana, hatoi mtoto wa pili, akashika njia ya nyumbani na palizi ameiacha katikati.

Sihaba aliona aibu mpaka masikio yakamwaka moto. Msomi mzima, kazi anayoomba ni ya kusikiliza watu, naye hasikii linalotoka kinywani mwake. Lakini kuacha hakuacha. Aliokota jembe akamaliza palizi, na jioni akakaa jikoni kando ya mama yake, akamwomba radhi kwa lile neno. Maombi hakuyataja tena. Aliuliza tu kaka alikuwa mtu wa namna gani, maana miaka ile yeye alikuwa bwenini. Mama akaanza na kuchagua kwake vyakula, akaenda na utani wake, akacheka, akalia, mpaka mchuzi ukaanza kushika chini.

Akaepua sufuria, akajifuta macho kwa ncha ya khanga.

"Mwandike," akasema. "Jina lake lote, na la baba yake. Ila wewe hawakuchukui, mwanangu. Unakwenda mwenyewe, mchana kweupe, na mimi nakusindikiza mpaka barabarani."