Butoni ya Pili

Mashine ile haikuweza kuchezwa na mtu mmoja. Niligundua hivyo mara tu nilipoiwasha, na ndiyo sababu nilimwita baba.

Ilikuwa miaka ya Zaire. Nilikuwa fundi redio, na karakana yangu ilikuwa chumba cha mbele cha nyumba yetu ya Kamalondo, hapa Lubumbashi. Mhandisi mmoja Mbelgiji, aliyemaliza mkataba wake kwenye migodi ya shaba, aliniachia kasha la vitu vibovu kabla ya kurudi kwao: pasi, redio mbili, na mashine ya mchezo wa televisheni. Mashine yenyewe ilikuwa kisanduku cha plastiki chenye nyaya mbili, na mwisho wa kila waya palikuwa na butoni ya kuzungusha. Ukiiunganisha na televisheni uliona mistari miwili mifupi, mmoja kushoto na mwingine kulia, na kati yao doa jeupe lililokwenda na kurudi kama mpira. Kila mchezaji alizungusha butoni yake ili mstari wake upande au ushuke kuuzuia mpira. Mpira ukikupita, mwenzako alipata pointi, na wa kwanza kufikisha kumi na tano alishinda. Wajukuu zangu leo hucheza peke yao dhidi ya mashine. Ile yetu haikujua kumchezea mtu. Usipokuwa na mwenzako, mpira ulipita upande wa pili, ukapita tena, mpaka ukachoka mwenyewe.

Baba alikuwa fundi cherehani, mtoto wa watu waliotoka Maniema. Siku zile kila mwanamume wa ofisi alivaa abacost, koti lile lisilo na tai, na nyingi za mtaani kwetu zilipita chini ya sindano yake. Kisha kiharusi kikamkamata mkono wa kulia. Miguu bado ilimbeba, kwa msaada wa fimbo. Muuguzi wa zahanati alisema mkono haujafa, bali utakufa asipoutumia, hasa kwa miendo midogo ya vidole. Baba aliuweka mapajani na kuuacha pale kama kitu cha mtu mwingine alichoombwa kukitunza.

Tena aliacha kwenda msikitini. Nilipomwuliza alinijibu bila hasira, kwa Kiswahili chetu cha Lubumbashi: "Nikifika pale, bantu bote batasimama kunisaidia. Mi siombi musaada, beo bananisaidia. Nitasali hapa hapa."

Kila Ijumaa niliulizwa mlangoni mwa msikiti, "Mzee yuko wapi?" nami nikajibu, "Anapumzika." Niliogopa kwamba atakufa amewapa kisogo watu aliosali nao tangu ujana wake. Niliomba dua, na sikujua la kufanya zaidi ya hapo.

Butoni moja ya mashine ile ilikuwa imevunjika. Nilipoifungua nilicheka peke yangu, maana ndani yake palikuwa na kitu ninachokishika kila siku: potansio, ile sehemu inayozungushwa kupandisha na kushusha sauti ya redio. Nilikuwa nazo tele kutoka kwenye redio zilizokufa. Nikafunga moja ndani ya kopo tupu la dawa ya viatu, tunayoiita cirage, nikaiwekea kichwa kikubwa cha redio ya zamani, nikaunganisha waya.

Ilifanya kazi, lakini vibaya. Ukizungusha nusu ya kwanza, mstari ulisogea kidogo mno. Ukivuka nusu, uliruka kutoka chini hadi juu kama panzi. Potansio ya sauti hutengenezwa kwa kufuata sikio la binadamu, haipandi kwa usawa. Ilikuwa kazi yangu kulijua hilo, ila furaha ilinitangulia. Vipuri vya aina nyingine vilitoka ng'ambo ya mpaka, Zambia, kama vilipatikana. Kwa hiyo nilimpa baba butoni nzima, mimi nikashika kopo. Niliona ni heshima, kama vile mtu anavyompa baba yake kiti kizuri.

Siku ya kwanza alitumia mkono wa kushoto. Nikamwambia waya wake ni mfupi na unatokea kulia, jambo ambalo lilikuwa kweli. Siku ya pili aliuinua ule wa kulia, akauweka juu ya butoni, na vidole vikaanza kutafuta njia. Alinifunga. Siku iliyofuata akanifunga tena. Ikawa desturi: kila tukimaliza swala ya alasiri, televisheni yangu ya nyeusi na nyeupe, niliyoiunga kutoka katika mbili zilizokufa, iliwashwa.

"Fundi ya redio!" alinipigia kelele. "Unacheza kama muntu wa kusinzia!"

"Baba, nihurumie."

"Huruma iko ku hospitali. Hapa tunahesabu."

Mke wangu alinong'ona siku moja kwamba baba ameomba aongezewe bukari, ugali wetu. Sikuhitaji kujifanya nimeshindwa, kwa kuwa kopo lilinishinda kwelikweli. Ila sikumwambia kwa nini.

Jirani yetu alikuwa mashinisti, yaani dereva wa treni, aliyestaafu, Mkatoliki kutoka kaskazini ya Katanga, rafiki wa baba wa miaka mingi. Jumapili moja, alipotoka misa, aliingia kutuamkia akakuta tunacheza. Nikampisha. Baba akamfunga kumi na tano kwa mbili.

"Hii kintu iko mugonjwa!" alisema jirani.

"Mugonjwa ni weye," baba akamjibu. "Treni yako ilikuwa inachelewa kila siku. Leo unashangaa nini?"

"Fundi ya cherehani, mi niliendesha mashini yenye kuvuta mabehewa ya shaba. Siwezi kushindwa na kopo ya cirage. Tubadilishane."

"Badilisha! Badilisha hata kiti!"

Wakabadilishana. Baba alizungusha kopo polepole, mstari ukakaa. Akazungusha tena, ukaruka juu, mpira ukapita chini. Akapoteza pointi tano, kisha nane. Jirani alikuwa anacheka, akaacha kucheka. Baba alinigeukia.

"Ulijua?"

"Nilijua, Baba."

"Tangu siku gani?"

"Tangu ya kwanza."

Aliliweka kopo juu ya meza, akachukua fimbo yake, akaenda chumbani. Jirani alibaki ameshika butoni. "Mwanangu," aliniambia, "mi nilikuwa natania tu."

Kwa siku tano baba hakutoka kucheza, na mkono ulirudi mapajani. Ijumaa, msikitini, nilikaa baada ya watu kuondoka. Nilikuwa nimejiambia kwamba nilitenda kwa huruma, na nilitaka Mwenyezi Mungu anikubalie hivyo. Lakini baba alikuwa amenieleza kwa mdomo wake anachokiogopa, kusaidiwa bila kuomba, nami nikamtendea hicho hicho mwezi mzima chini ya dari yake mwenyewe. Wale wa msikitini angalau angewaona wakisimama. Mimi nilimsaidia kwa siri.

Nilirudi nikaketi mkekani mbele ya kitanda chake.

"Baba, nimekukosea. Nisamehe."

"Ulikuwa unaniona nashangilia?"

"Nilikuona."

"Haukunicheka mu roho?"

"Hapana, Baba. Nilikuwa nafurahi."

Mwisho akasema, "Lete ile kopo. Weye shika ile nzima. Na ukinihurumia, sasa nitajua."

Nilimfunga kumi na tano kwa sifuri. "Alhamdulillahi," alisema, na mpaka leo sijui kama alitania. Kesho yake alipata pointi moja, kesho kutwa tatu. Alilichunguza kopo kama alivyokuwa akichunguza kitambaa kigeni, kwa kukivuta huku na huku kabla ya kukikata. Akagundua kwamba nusu ya kwanza ni ya kupita tu. Ukishaivuka, unabaki na sehemu nyembamba ambamo kidole kikisogea unywele mmoja, mstari unatii. Kucheza hapo kulitaka miendo midogo ya vidole, ile ile aliyoisema muuguzi. Hakuna aliyepanga hivyo kati yetu. Nashukuru kwa hilo kila nikilikumbuka.

Mfanyabiashara mmoja aliniletea potansio ya usawa kutoka Zambia. Baba akanikataza nisiifunge. "Hapana. Hii nimeisha kuijua."

Alhamisi moja alinishinda, kumi na tano kwa kumi na tatu. Nilikuwa nimecheza kwa nguvu zangu zote, jasho linanitoka. Hakupiga kelele. Aliangalia namba kwenye kioo, akaniuliza, "Kesho ni Ijumaa?"

"Ndiyo, Baba."

"Tutaenda. Nitafanya yote mi mwenyewe. Ikinishinda nitakuita. Kama siyakuita, usisogee."

Kesho yake tulitembea polepole. Alitawadha nyumbani, taratibu, peke yake, na sakafu ya uani ikaloa. Mlangoni mwa msikiti, wanaume watatu waliinuka pamoja walipomwona. Mmoja alishaanza kuinama miguuni pake. Baba aliinua mkono wa kulia, ukapanda nusu ya njia, ukatosha.

"Bado," alisema.

Akaegemea ukuta, akavua kiatu cha kwanza. Hotuba ilikuwa imeanza. Kamba ya kiatu cha pili ilikuwa imekaza, na vidole vilihangaika nayo, vikaiacha, vikairudia. Wale watatu walinitazama mimi, kana kwamba nina moyo wa jiwe. Nilifunga mikono nyuma na kuomba dua kimoyomoyo.

Kisha baba akageuka. "Njoo," akaniambia.

Nikapiga magoti.