Chiriku wa Mpakani

Bibi yangu Ndeshi alikuwa na sauti kubwa kuliko mwili wake. Kila msimu ulezi ulipoanza kukaza punje, alipanda juu ya ulingo, jukwaa la miti alilojengewa na babu katikati ya shamba, akaamia ndege tangu umande mpaka ukungu wa jioni. Shamba lenyewe lilikuwa la mwisho kabisa upande wetu wa Mlima Meru. Ukitoka pale unaingia msituni kwenye mierezi, na ukizidi kupanda unakuta vichaka vya majani membamba kama sindano, ambako baridi inauma hata mchana. Huko ndiko kwao chiriku wa mlimani.

Ni ndege mdogo, wa kahawia, kifua kina michirizi kana kwamba mvua ilimpitia akiwa na masizi. Juu ya jicho ana mstari mweupe. Ukimwona peke yake hutamjali. Ila hawaji peke yao. Ukungu ukishuka nao hushuka, kundi zima, wakaning'inia kwenye mashuke na kupasua punje kwa midomo yao minene, huku wakisimuliana.

"Karibuni, wakwe zangu!" bibi aliwapigia kelele akizungusha kombeo. "Mmekuja bila taarifa, mmekuja bila zawadi, na bado mnasema chakula hakina chumvi!"

Kombeo lake lilirusha udongo, si mawe. Hakutaka kuua. Na kona ya juu iliyogusa msitu, alikozikwa babu, hakuilinda kabisa. Nilimwuliza kwa nini.

"Mimi nililetwa hapa kuolewa," akasema. "Wao niliwakuta."

Mwaka ule Wajerumani walianza kupima msitu. Huko chini mashamba ya walowezi yalikuwa yamekwisha kumeza malisho yetu; sasa mpaka mwingine ukawa unatushukia kutoka juu. Msimamizi wa kazi alikuwa mnyapara kutoka pwani, Athumani, mwenye kanzu aliyoikata magotini ili aweze kupanda mlima. Wapagazi walifyeka njia, wakachimbia nguzo. Ikasemwa kwamba chochote kilicho upande wa juu wa nguzo ni cha serikali: asilime mtu, asichunge, asikate kuni.

Athumani hakuwa mtu mbaya. Alipopita mara ya kwanza alimsikia bibi akifokea ndege, akacheka. "Kwetu mwanamke msemaji namna hii tunamwita chiriku."

Kisioki, kijana wa kwetu aliyekuwa mkalimani wake, akamweleza bibi. Bibi akajibu palepale. "Mwambie chiriku anakula shuke moja moja. Yeye anakula mlima mzima."

Athumani akacheka zaidi, akampa tumbaku.

Kicheko kile ndicho kilichompa bibi tumaini. Mstari wa nguzo ulikuwa unalijia shamba lake. Mnyapara akikubali kuusogeza juu kidogo tu, ulezi, ulingo na kaburi la babu vingebaki. Shangazi Tabea alimshauri apeleke mbuzi.

"Mbuzi ataliwa, kesho aulize yuko wapi mwenzake," bibi akasema. "Nitapeleka isale."

Isale ni mmea wa majani marefu tunaoupanda kwenye mipaka ya vihamba vyetu, mashamba ya migomba ya ukoo, na juu ya makaburi. Lakini ukilikata na kulishika kwa mikono miwili, ni ombi. Hata aliyekumwagia damu akikuletea isale, huwezi kumfukuza. Na anayelitoa hasemi neno. Isale ndilo linalosema.

Basi bibi akaoga, akajifunga ngozi yake nzuri, akakata isale la kaburini kwa babu. Tukateremka naye hadi chini ya shamba, ambako wapagazi walikuwa wanapumzika. Akasimama mbele ya Athumani, akainamisha kichwa, akanyoosha mikono.

"Leo chiriku umenyamaza?" Athumani akamtania. Bibi kimya. Athumani akamgeukia Kisioki. "Jani gani hili?"

"Isale, bwana."

"La kazi gani?"

"Hapa mipaka yetu yote tunaipanda masale."

Kisioki alisema kweli. Nadhani alitaka kuongeza na ile kweli ya pili, lakini Athumani alikwisha simama, uso umemchangamka.

"Mnaona? Wazee huko nyuma wametutukana, mwanamke huyu kaleta mpaka kwa mkono wake mwenyewe! Ahsante, mama."

Akalipokea kwa mikono miwili, kama inavyotakiwa. Bibi akainua kichwa, akatabasamu. Kisha Athumani akalichomeka isale ardhini palepale, akalikandamiza udongo kwa kisigino, akaita nguzo iletwe. Shamba lote likabaki juu.

Jioni Kisioki alikuja kwetu, hakukaa hata alipopewa kigoda. "Nimemrudia, bibi, nimweleze maana ya isale, hakuningoja nimalize. Anasema mstari umekwisha pimwa."

Ulezi ulikuwa bado haujaiva. Bibi alihamia kwetu, lakini kila asubuhi alikwenda kusimama upande wa chini wa isale, akawafokea chiriku walioko ng'ambo. Waliinua vichwa, wakaona hapana kombeo, wakaendelea kula. Wengine walitua juu ya ulingo wake. Siku mashuke yalipobaki makapi alisema, kwa sauti ndogo nisiyoijua, "Haya, wakwe. Maji mnajua yalipo."

Isale likachipua. Masale ni magumu kufa. Kisioki alikuja na panga, macho mekundu, akitaka kuling'oa. Bibi akamshika mkono.

"Liache. Yule bwana hakujua alichopewa. Asiyejua alichoombwa, hajakataa."

Akangoja. Kila iliposikika kwamba watu wa serikali wanaosimamia msitu wanapanda, alioga, akajifunga ngozi yake nzuri, akaenda kusimama karibu na isale, kimya, mikono mbele. Walimsalimu, wakapita. Athumani alihamishiwa kwingine.

Bibi alikufa wakati wa baridi, ukungu umeshuka hadi migombani. Tulimzika upande wa chini wa isale, karibu na babu kadiri tulivyoruhusiwa. Shamba limerudi kuwa pori. Ulezi uliojiotea unatoka huku na huku kati ya magugu, na chiriku bado wanaushukia. Wakishiba hutua kwenye isale, wakasema wee, wakasema. Hatuwafukuzi.